Breki za Maji ya Sabuni

Mimi ndiye niliyekwangua ile sabuni. Nalisema hili mwanzo kwa sababu kwa miaka mingi, kila habari za lori letu zilipozungumzwa, lawama zote aliwekewa mume wangu, nami nilikaa kimya nikamwacha azibebe.

Tulikuwa tunakaa Ruangwa, kwenye mji wa mama yangu. Kwetu wakati ule mwanamume akioa alihamia kwa wakwe zake, akajenga nyumba karibu na ya mama mkwe, wakalima pamoja. Mume wangu alihamia hivyo, akitokea upande wa Masasi, na Kimwera chake kilikuwa cha kubabaisha, kwa hiyo nyumbani tulizungumza Kiswahili zaidi kuliko majirani zetu. Kabla ya kunioa alikuwa dereva Nachingwea, kwenye mashamba makubwa ya karanga ya Wazungu, kule ambako matrekta mawili yalivuta mnyororo mmoja mnene na kulaza miti kama mtu anayelaza nyasi kwa mguu. Mashamba yale yalipoanza kufa, madereva wakaachishwa kazi na mitambo ikauzwa kwa bei ya kutupa. Mume wangu alirudi na malipo yake ya mwisho, mama akaongeza fedha za ufuta wa misimu miwili, likanunuliwa lori moja lililokuwa limepoteza milango yote. Nilikuwa na miaka kama ishirini na miwili, na mtoto mmoja wa kike aliyekuwa ameanza kukimbia.

Lori lilitutajirisha kwa miezi mitano. Lilibeba ufuta na korosho kutoka Mbekenyera, likabeba muhogo mkavu, likabeba watu waliokwenda hospitali na waliokwenda misibani. Kisha likaja jambo la ukaguzi.

Sheria ilitaka kila gari la kubeba mizigo na watu kwa malipo lipelekwe Nachingwea mara moja kwa mwaka, likaguliwe, ndipo lipewe leseni. Ada yenyewe haikuwa kubwa sana. Kilichotula ni mambo yaliyoizunguka. Petroli ya kwenda na kurudi ilikuwa yetu. Siku mbili au tatu lori halikubeba mzigo. Na likikataliwa, unatengeneza walichokitaka, unarudi, unalipa ada upya kana kwamba hukuwahi kulipa. Mwaka wa kwanza tulikataliwa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa taa moja na honi, mara ya pili mipira ya magurudumu iliyokwisha na breki zilizolegea. Mume wangu alirudi safari ya tatu na cheti, lakini fedha za korosho za miezi miwili zilikuwa zimebaki huko. Mama alimwekea ugali, akakaa mbele yake mpaka akamaliza kula, na kukaa kule kulimuuma zaidi kuliko matusi.

Mwaka wa pili ulipokaribia, mume wangu akaamua kwamba safari hii tutabana matumizi. Mambo aliyoyapanga alinieleza mimi peke yangu, tukiwa shambani, mama akiwa mbali.

Kwanza alimwachisha tanboi wake. Tanboi ndiye msaidizi wa dereva, anayepanga mizigo, anayezungusha hendeli ya kuwashia mashine, na anayekaa nyuma na gogo la kuzuia gurudumu pale gari linapokataa kusimama. Mume wangu alisema kazi hiyo ningeifanya mimi mpaka cheti kipatikane. Nilicheka, nikidhani ni mzaha. Hakucheka. Jambo la pili lilikuwa la mipira. Alikuwa na rafiki Nachingwea, dereva mwenziwe wa zamani, aliyekubali kutuazima mipira minne mizuri kwa asubuhi moja, ikaguliwe, kisha tuivue na kumrudishia.

La tatu ndilo la sabuni. Breki za lori lile zilifanya kazi kwa mafuta maalumu yaliyopita ndani ya vibomba vyembamba kutoka kwenye pedali hadi kwenye magurudumu. Kopo lake dogo liliuzwa ghali, na breki zetu zilivuja, kila wiki zikataka kuongezewa. Madereva wengine walikuwa wamemwambia kwamba maji ya sabuni hufanya kazi ileile. Yanateleza, hayali chuma upesi, na sabuni ya mche ipo katika kila duka.

"Mama watoto," aliniambia, "nikwangulie nusu mche, uuchemshe mpaka uwe mwepesi kama uji wa mtoto. Usimwambie mama."

Nikakwangua. Nilichemsha kwenye sufuria ya kufulia, nikachuja kwa kipande cha kanga kuukuu, nikampelekea kwenye debe. Alipokuwa anamimina niliona povu likipanda kwenye mdomo wa kikopo cha kutilia mafuta ya breki. Nilimuuliza kama ni salama. Akaingia ndani ya lori, akakanyaga pedali mara kadhaa, akaniambia niweke mkono wangu juu ya pedali nisikie ilivyo ngumu. Ilikuwa ngumu kweli. Nikajiambia mimi ni mwanamke wa jembe, yeye ndiye dereva.

Tuliondoka asubuhi, lori likiwa na magunia ya ufuta ya kumuuzia mnunuzi wa Nachingwea, maana mume wangu hakutaka safari iende bure. Juu ya magunia walikaa abiria tisa. Mmoja alikuwa mwanamke wa kutoka Chunyu, mwenye kichanga mgongoni, aliyekuwa akimpeleka kwa bibi yake mgonjwa. Mimi nilikaa nyuma kabisa, miguu ikining'inia, gogo likiwa mapajani. Lilikuwa gogo la mpingo lililochongwa upande mmoja likawa na mteremko, zito kama mtoto wa mwaka mmoja, na lilikuwa na kamba ya kulivutia. Tulikuwa tumekubaliana kwamba honi ikilia mara mbili, niruke nikaliweke nyuma au mbele ya gurudumu, kufuatana na gari linavyokwenda.

Sijui nieleze vipi hofu ya kukaa pale nyuma. Mtu aliyekaa mbele huiona njia inavyokuja. Mimi niliiona ikiwa imekwisha kupita, vumbi tu, na masikio yangu yote yalikuwa kwenye honi. Kila mume wangu alipompigia honi mbuzi au mtu wa baiskeli, mara moja tu, mikono yangu ilikamata gogo na miguu ikatafuta pa kurukia. Kabla hatujafika nusu ya safari mapaja yangu yalikuwa yamechubuka.

Katikati ya Ruangwa na Nachingwea palikuwa na mteremko mrefu wa kushukia korongo la mto. Siku za kiangazi mto haukuwa na maji, mchanga tu, na juu ya mchanga daraja la magogo lisilo na ukuta. Tulianza kuteremka polepole, naye alikuwa ameweka gia ndogo, nikasikia mashine ikinguruma kama inavyotakiwa. Kisha gia ikachomoka. Niliijua sauti ile kwa sababu mashine ilinyamaza ghafla, tukabaki na mlio wa magurudumu na wa mbao za bodi. Nikanusa kitu kilichoungua. Nikasikia pedali inakanyagwa, tup, tup, tup, kama mtu anayepiga mkeka.

Honi ikalia mara mbili.

Nikaruka. Niliangukia magoti, nikainuka, nikakimbia kando ya lori. Halikuwa limeshika kasi bado, lilikuwa linakwenda kama mtu anayekimbia bila haraka, lakini kila hatua yangu moja lilikuwa linaongeza mwendo. Nilitupa gogo mbele ya gurudumu la nyuma. Gurudumu likalipanda, lori likaruka, nikasikia watu juu wakiguna, na gogo likatokea nyuma likiwa zima. Nikalivuta kwa kamba, nikakimbia tena. Safari hii niliinama mno. Mpira ulipita karibu na vidole vyangu kiasi kwamba niliusikia joto lake. Gogo lilikamata, likaburuzwa, likachimba mfereji kwenye udongo, na mume wangu akapata nafasi ya kuuelekeza usukani kwenye ukingo wa udongo uliokuwa kulia. Lori likajiegemeza pale kwa mshindo, likasimama.

Nilikaa chini njiani. Kamba ya gogo ilikuwa bado imezunguka viganja vyangu. Kutoka pale hadi darajani palikuwa kama hatua mia moja.

Yule mwanamke wa Chunyu alishuka taratibu na mtoto wake, akanijia. Alidhani tumesimama kwa makusudi. Aliniambia amefurahi, kwa sababu alikuwa anataka kwenda porini tangu asubuhi na alikuwa anaona haya kuomba. Nikamtazama mtoto mgongoni kwake, amelala, kichwa kimelala upande mmoja. Abiria wawili wanaume walielewa, wakachukua mizigo yao na kuendelea kwa miguu bila kudai nauli.

Mume wangu aliyamwagia magurudumu maji, maji yakachemka na kupanda mvuke. Tukangoja. Baada ya muda aliingia, akakanyaga, akaniita. Pedali ilikuwa ngumu tena, ngumu kama ilivyokuwa nyumbani.

"Unaona?" alisema. "Zimerudi."

Uso wake ulikuwa umelowa jasho, wala hakunitazama. Hapo ndipo nilipojua ubaya wa ile sabuni ulipo. Zikiwa baridi breki zile zilikuwa nzuri kabisa. Zikipata moto, maji yalichemka ndani ya vibomba na breki zikaondoka, na hakuna mtu ambaye angeweza kuliona hilo uwanjani.

Tulifika Nachingwea jioni, tukalala kwa yule rafiki wa mume wangu. Kulipokucha tukafunga mipira ya kuazima. Nilishika spana kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikafungua na kufunga, nikaangusha nati mchangani mara mbili mpaka mume wangu akaninyang'anya. Nilimwambia tusiende. Nilimwambia turudi kwa miguu, lori libaki, tuje tena tukiwa na mafuta halisi. Alinijibu kwa upole, na upole wake ulinitisha, kwamba siku zilizobaki kabla leseni kwisha ni chache, kwamba tukikosa cheti mnunuzi wa korosho atampa mzigo mtu mwingine, na kwamba mama yangu alishauza ufuta wa misimu miwili. Nikachukua gogo langu, nikapanda nyuma.

Ukaguzi ulifanyika kwenye uwanja mtupu nyuma ya ofisi za serikali. Magari yalipangwa mstari, madereva wamesimama mbele ya magari yao kama wanafunzi. Mkaguzi alikuwa Mzungu mfupi, shingo imeungua na jua, na Kiswahili chake kilikuwa cha amri. Mimi nilikuwa sijawahi kusimama karibu na Mzungu. Habari za Wazungu nilizozijua zilikuwa za kodi, za faini, na za mjomba wangu aliyefungwa miezi mitatu kwa kukata mti katika msitu wa serikali. Nilisimama nyuma ya lori na gogo langu, nikimwomba Mungu yule Mzungu asinione.

Aliniona. Alizunguka lori, akapiga mipira teke moja moja, akaitikia kwa kichwa. Akawasha taa. Akapiga honi, nami nikashtuka mpaka gogo likaniangukia mguuni. Akamuuliza mume wangu mimi ni nani.

"Mke wangu, Bwana. Ndiye tanboi."

Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Kisha akamwambia mume wangu awashe mashine, aende hadi mwisho wa uwanja, afunge breki. Mume wangu akaenda, akafunga. Lori lilisimama palepale, vumbi likalipita mbele. Akarudi, akafunga tena. Vizuri vilevile. Mkaguzi akakiweka kitabu chake cha vyeti juu ya boneti na kuanza kuandika.

Watu wamenisifu kwa nilichokifanya baadaye, na sifa hizo si zangu. Hofu yangu ya kumwogopa yule mtu ilikuwa kubwa mno hata nisiweze kufikiria haki au kosa. Lakini kulikuwa na hofu nyingine iliyokuwa kubwa kuliko hiyo. Niliiona ile njia ya kurudi. Mteremko upande wa pili wa korongo ulikuwa mrefu kuliko ule tuliojia, na mimi ndiye ningekaa nyuma na gogo. Niliona vidole vyangu. Na yule mtoto alikuwa amelala, kichwa upande mmoja. Miguu yangu ilinipeleka mbele ya lori kabla sijajua ninakwenda kusema nini.

"Bwana," nikasema, "zikiwa baridi zinashika. Zikipata moto hazipo."

Akasimamisha kalamu. Sina hakika kama aliyaelewa maneno yote. Mume wangu alielewa. Alinitazama kama mtu aliyeona nyumba yake inaungua na mkewe ameshika kijinga cha moto. Mkaguzi akauliza hazipo vipi. Nikanyoosha kidole kwenye kile kikopo kilicho chini ya boneti. Akafungua boneti, akafungua kikopo, akachovya kidole, akakisugua kwa kidole gumba. Povu likatokea. Akanusa.

"Sabuni," alisema.

Nilikaa chini tena, kama nilivyokaa njiani. Nilikuwa na hakika mume wangu anafungwa, nami nitarudi Ruangwa nikaeleze. Mkaguzi aliichana ile karatasi vipande viwili. Alimwambia mume wangu mambo mengi kwa sauti ya chini, nami nikashika machache: kwamba angeweza kumpeleka mahakamani leo hii, kwamba lori halitatoka Nachingwea mpaka breki zitengenezwe zote, na kwamba atalijaribu yeye mwenyewe, kwa moto. Kisha akaenda kwenye gari lililofuata.

Mume wangu hakusema nami siku ile nzima. Tulirudisha mipira ya watu, tukafunga yetu, tukiwa tumeinama upande huu na upande huu wa gurudumu moja bila kutazamana. Kwa desturi yetu mwanamke hafukuzwi, maana nyumba iko kwao. Mwanamume ndiye hufunga mzigo wake na kurudi alikotoka, na Masasi haikuwa mbali na pale tulipokuwa. Kila alipokwenda nyuma ya nyumba kuchukua maji nilihesabu pumzi mpaka aliporudi.

Siku iliyofuata yule rafiki yake alitupeleka kwa fundi mmoja, Mmakonde aliyekuwa ametengeneza matrekta ya mashamba ya karanga, na sasa alikuwa na banda lake la mabati na vyuma vya magari yaliyokufa yamemzunguka pande zote. Alikuwa mtu mzima, jicho moja lina ukungu. Alisikiliza habari yote bila kucheka. Akataja bei, mume wangu akahesabu upya fedha za mfukoni. Fundi akatutazama wote wawili, akasema bei ile ina vitu viwili ndani yake, vifaa na mikono. Vifaa atavitoa kwenye magari mabovu aliyonayo, vile vilivyo vizima, na vile vya mpira tu ndivyo tutanunua vipya. Mikono tulikuwa nayo sisi wenyewe. Mume wangu angefungua na kufunga yeye mwenyewe akielekezwa, na mimi ningesafisha. Kwa hivyo tutalipa kama theluthi.

Tulifanya kazi siku mbili. Mimi nilikaa juu ya kiroba na karai la mafuta ya taa, nikasugua kila kilichotolewa kwenye magurudumu. Fundi alinionyesha vile vikombe vidogo vya mpira vilivyomo ndani ya breki. Vyetu vilikuwa vimelainika na kuvimba, ukivibonyeza vinabaki na alama ya kidole. Nilikishika kimoja kiganjani, kidogo kuliko kifuniko cha chupa, nikakumbuka kwamba tulikuwa tumewakalisha watu tisa juu ya kitu kile. Nikakitupa kwenye mchanga. Fundi alikiokota, akampelekea mume wangu, akamwambia akiangalie vizuri.

Mume wangu alikiangalia kwa muda mrefu. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu uwanjani, alisema nami. Aliniomba nimpe kitambaa.

Fundi alikuwa na mazungumzo mengi, na mengi yalikuwa juu ya watu wanaopoteza fedha ukaguzini. Alisema wengi humpelekea mkaguzi gari ili awaambie lina ubovu gani, halafu hulipa ada kwa kuambiwa. Yeye alitaka mtu alikague gari lake nyumbani mwezi mzima kabla, taa, honi, usukani, mipira, breki, atengeneze kidogo kidogo kadiri anavyopata, ili siku ya ukaguzi alipe mara moja na kurudi siku ileile. Akamwonyesha mume wangu jinsi ya kuona kama kibomba kinavuja, kwa kukifuta kikavu na kukipaka vumbi la majivu, kisha kukanyaga pedali na kutazama majivu yanalowa wapi. Mimi nilikuwa nasikiliza kuliko mume wangu. Yeye alikuwa anashika spana. Mimi nilikuwa na karai tu.

Siku ya pili ya kukaguliwa, mkaguzi hakurudia kuitazama mipira, alipanda mwenyewe. Alilipeleka lori kwenye mteremko wa kwenda kituo cha treni, akalishusha akiwa amekanyaga breki njia nzima, akalipandisha, akalishusha tena, mara nne. Kutoka pale niliposimama nilinusa breki zikiungua, harufu ileile ya korongoni, na nilimshika mume wangu mkono hadharani, kitu ambacho hatukuwa tumewahi kufanya. Hakuutoa. Mara ya nne lori lilishuka, likapunguza mwendo, likasimama mbele yetu, chuma chote kinatoa moshi. Mkaguzi akashuka, akaandika. Tulilipa ada mara ya pili. Alipompa mume wangu cheti hakuniangalia mimi, nami nilishukuru.

Wakati wa kurudi hatukubeba abiria. Tulipofika juu ya ule mteremko mrefu, mume wangu alisimamisha lori, akazima mashine. Akaniambia nishuke, niteremke kwa miguu, yeye atanikuta chini. Nilimwambia breki ni nzima, mkaguzi amezijaribu kwa moto. Akasema anajua, lakini nishuke. Nikashuka. Lori lilinipita taratibu, likapotea kwenye kona, nikabaki na sauti yake. Nilitembea haraka, kisha nikakimbia, nikisikiliza mlio ule ubadilike. Haukubadilika. Nilimkuta ng'ambo ya daraja, ameketi kwenye ngazi ya lori, gogo amelikaza mbele ya gurudumu ingawa pale palikuwa tambarare, mtu aliyeendesha magari miaka sita.

"Ile siku ya kwanza," aliniambia, "mguu wangu ulifika chini kabisa mara tatu. Nilikuona unainama pale kwenye gurudumu. Nikajua nimekuua."

Nilikaa karibu naye. Hakuniomba msamaha kwa maneno, na mimi sikumwomba msamaha kwa kumsemea mbele ya Mzungu.

Mama tulimweleza yote isipokuwa ni nani aliyekwangua sabuni. Alihesabu kichwani mwake kimyakimya, akasema ingekuwa rahisi kununua mafuta. Ilikuwa kweli. Kopo la mafuta tulilolikwepa lilikuwa bei ya kuku wawili, na tulikuwa tumelipa ada mbili, siku tano bila mzigo, na fundi.

Tangu mwaka ule mambo yetu yalikwenda kwa taratibu nyingine. Masika barabara zilipofungwa kwa matope, lori lilipandishwa juu ya mawe ili mipira isioze, na hatukulilipia leseni kwa miezi ambayo lisingetembea. Mwezi mmoja kabla ya ukaguzi nilichukua majivu jikoni, nikalala chini ya lori, nikapaka kila kibomba, mume wangu akakanyaga pedali nami nikatazama. Majirani walikuja kutazama miguu ya mwanamke imetokeza chini ya gari. Tanboi alirudishwa kazini, na mshahara wake ulikuwa fedha niliyoitoa kwa moyo mweupe kuliko zote.

Hofu haikuisha. Kila mwaka nilikwenda Nachingwea pamoja naye, ingawa hakukuwa na sababu ya mimi kwenda, nikasimama pembeni ya uwanja mpaka karatasi itoke. Mwaka wa nne mkaguzi alikuwa mwingine, kijana, aliyemaliza gari letu kwa muda mfupi na kumwambia mume wangu aende. Tulipita kwenye hoteli ya karibu na soko tukala wali na nyama, na abiria wa kurudi nao walikuwa wameanza kujikusanya nje, wanatafuta kivuli. Mume wangu alikula sahani yake akaimaliza. Mimi nilikuwa bado nimekishika cheti, nikikisoma herufi moja moja kwa kusoma kwangu kwa shida, na chakula kikapoa.